Kutoka Kuchagua hadi Kuchaguliwa: Uhakiki wa Lugha ya Duka la Simu na Taswira ya Nafsi ya Msichana Mnunuzi katika Mpaka wa Rusizi na Bukavu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha inayotumika katika biashara ya mavazi na vipodozi kupitia simu za mkononi, kwa kuwazingatia wasichana wa mji wa Kamembe, wilayani Rusizi, nchini Rwanda. Hoja kuu ni kwamba duka la simu limebadili mada ya mazungumzo ya biashara: sokoni huzungumzwa bidhaa, ilhali kwenye simu huzungumzwa mwili na nafsi ya mnunuzi. Badiliko hilo linajidhihirisha katika kufichwa kwa bei, katika matumizi ya kiambishi ji- cha kujirejelea, na katika tafsida zinazouzia vipodozi vya kuchubua ngozi. Makala yanaonyesha kwamba sera za eneo letu zinadhibiti kemikali na ushuru lakini zinaiacha lugha bila mlinzi. Mwishoni yanatolewa mapendekezo manne kwa watunga sera na kwa wanataaluma wa Kiswahili.

Maneno muhimu: duka la simu, taswira ya nafsi, tafsida, mpaka, vipodozi, sera ya lugha

1.0 Utangulizi

Maneno mawili ya Kinyarwanda cha leo yanatosha kutuingiza katika mada hii. La kwanza ni caguwa, jina la nguo za mitumba, ambalo asili yake ni kitenzi cha Kiswahili chagua. La pili ni mukorogo, jina la mafuta ya kuchubua ngozi, ambalo limetokana na mkorogo, na mkorogo nao umetokana na koroga. Maneno haya hayakuingia Kinyarwanda kwa njia ya kamusi wala darasa. Yaliingia pamoja na mizigo. Kabla Kiswahili hakijafanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza, tayari kilikuwa lugha ya wachuuzi, madereva na wakazi wa mitaa ya Waswahili mijini. Wanyarwanda wengi walikutana na Kiswahili kwanza wakiwa wanunuzi.

Historia hiyo ina uzito wa pekee wilayani Rusizi, eneo ambalo hadi mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 lilikuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu. Mji wa Kamembe unatazamana na Bukavu. Kati yao kuna Ziwa Kivu na mto unaotoka humo kwenda kusini. Wachuuzi wa pande zote mbili wamezoea kuvuka asubuhi na kurudi jioni, na Kiswahili ndicho walichoulizania bei. Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mto huo umekuwa mpaka wa ndani ya Jumuiya.

Katika miaka ya karibuni sehemu ya biashara hiyo imehamia kwenye simu. Kampuni ya MTN ilianzisha huduma ya pesa kwa simu nchini Rwanda mwaka 2010. Machi 2020, UVIKO-19 ilipoingia, Benki Kuu ya Rwanda iliagiza ada za kutuma pesa kwa simu ziondolewe kwa miezi mitatu ili watu wapunguze kushika fedha taslimu. Juni mwaka huohuo Rusizi ilirudishwa katika zuio la kutotoka, wakati sehemu nyingine nyingi za nchi zilikuwa zimeanza kufunguliwa, na mpaka ulikuwa umefungwa kwa wasafiri wa kawaida. Msichana aliyezoea kununua nguo kwa kuipapasa alibaki na picha ya nguo. Zuio lilipoondolewa, mazoea hayo mapya yalibaki.

Tunaposema duka la simu hatukusudii jukwaa kubwa la kimataifa lenye kikapu na kadi ya benki. Majukwaa hayo yalijaribu. Oktoba 2018 Alibaba iliingia makubaliano na Rwanda kuhusu biashara ya kielektroniki, na Jumia, iliyokuwa ikisambaza chakula nchini, ilifunga shughuli zake mwanzoni mwa 2020. Duka analolijua msichana wa Kamembe ni akaunti ya Instagram au TikTok, kundi la WhatsApp, picha za stetasi zinazofutika baada ya saa 24, malipo kwa simu, na pikipiki inayoleta mzigo. Ni duka lililojengwa kwa maneno na picha tu. Kwa sababu hiyo ni haki ya mtaalamu wa lugha kulihakiki.

Makala haya si ripoti ya takwimu. Ni uhakiki wa lugha: yanachunguza fomula za uuzaji ambazo msomaji yeyote mwenye simu anaweza kuzihakikisha mwenyewe, na kuuliza fomula hizo zinamweka msichana mahali gani.

2.0 Aina tatu za Kiswahili katika sikio moja

Msichana wa Rusizi hana Kiswahili kimoja. Anacho kwanza Kiswahili cha daraja, yaani kile cha Bukavu, chenye maneno ya Kifaransa na ya lugha za Kivu, ambamo kitambaa kiitwacho kitenge Tanzania huitwa kikwembe. Hiki ni Kiswahili cha kupatana. Aliyekijua anajua pia namna ya kushangaa bei, ya kuisifia bidhaa nusu na kuikosoa nusu, na ya kuondoka hatua tatu ili aitwe arudi.

Pili, anacho Kiswahili cha shule. Hiki ni sanifu, chenye ngeli zilizopangwa na insha za hoja. Kinampa uwezo wa kuandika barua rasmi, lakini mara chache kinamfundisha kuuliza kwa nini tangazo limesemwa hivi na si vile.

Tatu, anacho Kiswahili cha skrini, kinachotoka zaidi Dar es Salaam na Nairobi, kikibebwa na muziki, vichekesho na wauzaji wenyewe. Hiki ndicho kinachosema mzigo mpya umeingia, wahi kabla haujaisha, njoo inbox. Kinasikika kama Kiswahili cha watu waliofanikiwa. Tofauti yake na viwili vya kwanza ni kwamba hakihitaji jibu. Msichana anaweza kukielewa na kukipenda kabla hajaweza kukijibu.

Juu ya hivi vitatu kuna lugha ya mashine yenyewe. Masharti ya matumizi, ruhusa ya kukusanya taarifa binafsi na kitufe cha kulalamika kwa kawaida huonekana kwa Kiingereza au Kifaransa kulingana na namna simu ilivyopangwa. Rwanda ilikifanya Kiingereza lugha ya kufundishia kwa uamuzi wa mwaka 2008, lakini kusoma kitabu cha biolojia kwa Kiingereza ni jambo moja, na kusoma kurasa za masharti ya kisheria ni jambo jingine. Matokeo yake ni mgawanyo wa kazi kati ya lugha: ushawishi unakuja kwa lugha anayoipenda, na wajibu unakuja kwa lugha asiyoisoma.

3.0 Mikabala iliyopo na pengo lake

Maandishi kuhusu wasichana, picha na ununuzi yanategemea zaidi mikabala miwili ya saikolojia. Wa kwanza ni wa ulinganisho wa kijamii, uliotolewa na Leon Festinger mwaka 1954, unaosema kwamba binadamu hujipima kwa kujilinganisha na wenzake pale ambapo hana kipimo kingine. Wa pili ni wa Barbara Fredrickson na Tomi-Ann Roberts wa mwaka 1997, unaoeleza jinsi mwanamke anavyofundishwa kuutazama mwili wake mwenyewe kwa jicho la mtazamaji wa nje. Mikabala hii ilipata nguvu mpya mwaka 2021, nyaraka za ndani za kampuni ya Facebook zilipotolewa hadharani na Frances Haugen na kuonyesha kwamba watafiti wa kampuni walikuwa wamebaini kuwa Instagram huwazidishia baadhi ya wasichana chuki dhidi ya miili yao.

Hatuna ugomvi na matokeo hayo. Ugomvi wetu ni na ukimya wake kuhusu maneno. Mikabala yote miwili inamchukulia msichana kama jicho linalotazama picha. Lakini katika eneo letu picha haiji bila maandishi, sauti au ujumbe wa muuzaji anayemwita dada, mrembo, mpenzi. Pili, inachukulia kwamba mtazamaji na picha wana lugha moja, jambo ambalo mpakani si kweli.

Hapa kwetu kuna mikabala mingine miwili isiyoandikwa vitabuni bali inayosikika kila mahali. Mmoja ni wa mahubiri: wasichana wa siku hizi wanapenda anasa. Mwingine ni wa miradi ya maendeleo: msichana mwenye simu na akaunti ya pesa amewezeshwa. Wa kwanza unamlaumu mnunuzi, wa pili unampongeza, na wote wawili hawasikilizi anaambiwa nini wakati ananunua.

4.0 Duka la simu linavyosema

4.1 Bei iliyofichwa

Katika soko la kawaida, bei ni tukio la hadhara. Muuzaji akitaja kiasi, jirani anasikia, mnunuzi mwingine anaguna, na msichana anajifunza kwa kuwasikiliza waliomtangulia. Mazungumzo yenyewe yanahusu kitu: mshono, zipu, doa lililofichwa kwapani, rangi itakayotoka kwa maji. Caguwa ilijengwa juu ya utaratibu huo. Rundo liko chini, mikono inapekua, na jina la biashara nzima ni amri anayopewa mnunuzi: chagua.

Kwenye simu, fomula iliyoenea ni kwamba bei itatajwa faragha. Mnunuzi huuliza peke yake na hujibiwa peke yake. Hajui mwenzake ameambiwa kiasi gani. Muuzaji, kwa upande wake, anaweza kuiangalia picha ya wasifu, jina na maisha yanayoonyeshwa kwenye stetasi kabla ya kutaja kiasi. Hatudai kwamba kila muuzaji hufanya hivyo. Tunasema kwamba utaratibu unamruhusu, na kwamba haumpi mnunuzi nafasi ya kujua. Mtu aliyekuwa akiikagua bidhaa sasa ndiye anayekaguliwa.

Lipo pia suala la kuondoka. Sokoni, kuondoka bila kununua ni sehemu ya kupatana, na hakuna anayeona aibu. Kwenye simu, alama inaonyesha kwamba ujumbe umesomwa. Kunyamaza baada ya hapo kunasomeka kama kukosa pesa au kukosa adabu. Isitoshe, majukwaa huhesabu muda ambao mtumiaji ametua kwenye picha, na algoridhimu huitumia hesabu hiyo kuamua aonyeshwe nini baadaye. Hata akiondoka, nguo inamfuata. Rundo la caguwa halijui nani alilipekua jana. Duka la simu linajua, na ndilo linalomchagulia cha kuona kesho.

4.2 Kiambishi ji- na mzigo wa nafsi

Kipengele cha pili ni cha kisarufi. Katika lugha ya uuzaji wa mavazi na vipodozi kwa Kiswahili, vitenzi vyenye kiambishi ji- cha kujirejelea vinapatikana kwa wingi: jipatie, jirembe, jipende, jithamini, jiamini. Katika sarufi ya kawaida, kiambishi hiki humfanya mtenda na mtendwa wawe mtu mmoja. Ni kiambishi chenye heshima katika maadili ya Kiswahili. Kujitegemea na kujituma ni sifa.

Tangazo linachukua heshima hiyo na kuiambatisha kwenye manunuzi. Katika jipatie, kitu kinachonunuliwa bado kipo. Katika jipende na jithamini, bidhaa imetoweka kabisa katika sentensi. Kilichobaki ni msichana na nafsi yake, na kununua kumekuwa ushahidi wa uhusiano kati yao. Asiyenunua hajakataa nguo, amekataa kujipenda. Muuzaji naye ametoweka, kwa sababu hakuna anayemuuzia mwingine pale ambapo mtu anajitendea mwenyewe. Sarufi imeuondoa upande mmoja wa biashara, na pamoja nao imeondoa mtu wa kuulizwa mambo yakiharibika.

Kinyarwanda kinalishuhudia jambo hili kwa ukali zaidi. Kitenzi cha kuchubua ngozi ni kwitukuza, chenye kiambishi cha kujirejelea mwanzoni mwa shina linalotokana na wekundu: ni kujifanya mwekundu. Katika neno hilo hakuna kiwanda, hakuna msafirishaji, hakuna duka. Yupo mwanamke tu, akijitendea. Si ajabu kwamba lawama ya jamii humwangukia yeye peke yake. Lugha imekwisha kuwatoa wengine wote.

4.3 Tafsida na sheria zisizokutana

Rwanda inakataza vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki. Novemba 2018 Rais Paul Kagame, akijibu hoja iliyotolewa mtandaoni, alizitaka Wizara ya Afya na polisi kulishughulikia tatizo hilo haraka, na miezi iliyofuata ilishuhudia ukaguzi wa maduka na kukamatwa kwa bidhaa. Kimataifa, Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje au kuingiza vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja kwa milioni. Kwa upande wa kemikali, basi, msimamo uko wazi.

Lakini hakuna muuzaji anayeandika haidrokwinoni katika ujumbe wake. Haandiki hata mkorogo, kwa kuwa neno hilo sasa ni la wakosoaji. Msamiati wa kuuzia ni mwingine: kung'arisha, kutakatisha, kuondoa madoa, ngozi laini, na, iliyo nzito kuliko zote, kurudisha rangi yako ya asili. Tafsida hii ya mwisho inastahili kuchambuliwa. Kitenzi rudisha kinadai kwamba weupe ulikuwapo na umepotea. Kimilikishi yako kinadai kwamba ni mali ya msichana. Na neno asili linaigeuza ngozi aliyozaliwa nayo kuwa uchafu uliokuja baadaye. Katika fungu dogo la maneno, mwili wake wa kweli umefanywa kosa, na kemikali imefanywa ukweli.

Tafsida hii haikuanguka mahali patupu. Kinyarwanda kina neno inzobe kwa mwenye rangi ya maji ya kunde, na neno hilo hutamkwa kwa sifa. Kiswahili nacho kina mapenzi yake ya zamani kwa weupe. Tangazo halikuunda upendeleo huo. Limeupa bei na njia ya kuletwa mlangoni.

Hapa ndipo hatari ilipo. Mkaguzi ana orodha ya kemikali. Msichana ana orodha ya matamanio. Muuzaji huzungumza na orodha ya pili tu, na hakuna chombo kinachoziunganisha orodha hizo mbili. Zebaki hudhuru figo na mishipa ya fahamu, na haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu bila daktari inaweza kuacha ngozi na weusi wa kudumu. Anayeyapata madhara hayo mara nyingi ni mtu ambaye hakuwahi kuambiwa kwamba alichonunua ndicho kile kile kilichopigwa marufuku, kwa sababu kilimfikia kwa jina jingine.

4.4 Kamera isiyo na upande wowote?

Inaweza kudaiwa kwamba picha, tofauti na maneno, hazidanganyi. Dai hilo halisimami. Mwaka 2017 programu ya FaceApp ililazimika kuomba radhi baada ya kubainika kwamba kichujio chake cha kumfanya mtu apendeze kilikuwa kikizifanya ngozi nyeusi kuwa nyeupe zaidi. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walionyesha kwamba mifumo ya kibiashara ya kutambua jinsia ya mtu kwa sura yake ilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, wakati kosa kubwa zaidi kwa wanaume wenye ngozi nyeupe lilikuwa asilimia 0.8. Mwaka huohuo L'Oréal ilinunua ModiFace, kampuni ya teknolojia inayomwezesha mnunuzi kujaribu vipodozi juu ya picha ya uso wake. Kuuona uso, kuurekebisha na kuuuzia vimekuwa kazi za kiwanda kimoja.

Kwa msichana wa Kamembe, hili lina maana rahisi. Simu inayomwonyesha tangazo ndiyo hiyo hiyo inayompiga picha, na kichujio kinaweza kumpa kwa kugusa mara moja uso ambao krimu inaahidi baada ya majuma kadhaa. Halinganishwi tena na mwigizaji wa mbali. Analinganishwa na picha yake mwenyewe iliyorekebishwa, na tangazo la kurudisha rangi yako linapokuja, ushahidi tayari anao mkononi. Picha na tafsida hukamilishana.

5.0 Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni la kihistoria: wanawake wa Afrika Mashariki wamekuwa wakinunua uzuri kwa muda mrefu, na si vema kuwaona kama waathirika. Pingamizi hili ni la haki. Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu Zanzibar, ameonyesha kwamba baada ya utumwa kukomeshwa, wanawake waliokuwa wamevishwa kaniki na merikani walizikimbilia kanga ili kutangaza kwamba sasa ni raia kama wengine. Ununuzi ulikuwa tendo la kujidai. Hata Mwana Kupona binti Msham, katika utenzi aliomwachia binti yake mwaka 1858, hakuona aibu kuzungumzia usafi na mapambo.

Lakini mifano hiyo miwili inaimarisha hoja yetu. Kanga ina jina, na mwanamke huinunua kwa ajili ya jina hilo. Maneno yako upande wake: anayavaa, anamwelekezea mume, jirani au mke mwenza. Katika utenzi wa Mwana Kupona, anayesema anajulikana, anayeambiwa anajulikana, na msemaji hana cha kuuza. Katika duka la simu maneno yamegeuka na kumwelekea mvaaji, na anayeyasema anapata faida kwa kila mashaka anayoyapanda. Tatizo si kwamba msichana ananunua uzuri; ni kwamba amenyang'anywa usemi katika ununuzi huo.

Pingamizi la pili ni la kiuchumi: wauzaji wengi ni wasichana vilevile, wasio na mtaji wa kukodi kibanda, na kuwabana ni kuua riziki. Hili nalo ni kweli, na lina historia ya sera nyuma yake. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo ili kujenga viwanda vya ndani. Mwaka 2018 Marekani ikajibu kwa kusimamisha manufaa ya AGOA kwa mavazi ya Rwanda. Caguwa ikapanda bei, na magendo yake kupitia mpaka wa Kongo yamekuwa yakiripotiwa na polisi mara kwa mara. Kijana aliyekuwa na rundo sokoni anaweza leo kuwa na picha kwenye stetasi. Kwa hiyo mapendekezo yanayofuata hayalengi kufunga maduka hayo. Yanalenga kuyarudishia mazungumzo.

6.0 Mapendekezo

Kwanza, bei iwe hadharani. Rwanda ina sheria ya ushindani na ulinzi wa mlaji tangu mwaka 2012. Mamlaka husika itoe mwongozo unaosema wazi kwamba kanuni za uwazi zinalihusu tangazo la simu pia, na kwamba picha inayouza ibebe bei. Hatua hii haihitaji teknolojia mpya, na humlinda pia muuzaji mwaminifu dhidi ya asiye mwaminifu.

Pili, iundwe faharasa ya tafsida za vipodozi kwa Kinyarwanda, Kiswahili cha pande zote mbili za mpaka na Kifaransa, inayounganisha maneno ya matangazo na kemikali zilizokatazwa. Kazi hii ni ya Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Rwanda kwa kushirikiana na Inteko y'Umuco na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar. Isiishie kwa wanaistilahi. Wauzaji na wanunuzi wa Kamembe na Bukavu ndio wataalamu wa msamiati huo. Mkaguzi akiwa nayo atajua afuate maneno gani, na mwalimu wa afya atajua azungumze kwa jina lipi.

Tatu, lugha ya onyo iwe lugha ya tangazo. Ufaransa imetaka tangu Oktoba 2017 kwamba picha za kibiashara za wanamitindo zilizorekebishwa maumbo zitajwe hivyo, na Norwei ikaweka sharti linalofanana na hilo tangu Julai 2022. Nchi zetu zinaweza kuiga, lakini zikiiga bila kutafakari zitaweka onyo la Kiingereza chini ya ushawishi wa Kiswahili. Kanuni rahisi inatosha: anayeuza kwa lugha fulani aonye, aombe ridhaa na apokee malalamiko kwa lugha hiyohiyo. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2021 ya kulinda taarifa binafsi, pamoja na zile za Kenya ya 2019 na Tanzania ya 2022, zote zinasimama juu ya dhana ya ridhaa. Ridhaa iliyotolewa kwa lugha isiyoeleweka ni kugusa kitufe tu.

Nne, somo la Kiswahili shuleni lifundishe tangazo kama utanzu. Mwanafunzi anayeweza kuchambua mbinu za mshairi anaweza kuchambua jipende na rangi yako ya asili. Afundishwe pia kujibu: kuuliza bei mbele ya wengine, kuomba orodha ya viambato, kukataa bila kuomba radhi. Ujuzi huu upo katika Kiswahili cha daraja. Shule inachotakiwa ni kukoma kukiona Kiswahili hicho kama makosa ya kusahihishwa.

7.0 Hitimisho

Tangu UNESCO iitangaze tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, makongamano yetu yamezoea kuhesabu: wasemaji zaidi ya milioni 200, nchi, vyuo, majukwaa ya kidijiti. Kuenea kwa Kiswahili katika biashara ya mtandaoni huingizwa katika hesabu hiyo kama ushindi. Uhakiki huu unadai kwamba hesabu hiyo ina upande wa pili. Lugha inayoenea pamoja na bidhaa inabeba pia namna ya kumtazama mnunuzi, na anayeibeba ana wajibu kwa anayeipokea.

Kiswahili kiliwapa Wanyarwanda neno chagua wakiwa wamesimama mbele ya rundo la nguo, mikono yao ikiwa huru na sauti zao zikisikika. Leo lugha hiyohiyo inamwambia binti wa Kamembe kwamba rangi yake si yake, bei ataambiwa faragha, na akikataa amejikataa mwenyewe. Sheria zitaondoa kopo moja la krimu rafuni, na jingine litakuja kwa jina tamu zaidi. Kazi ya kulifuata jina hilo, kulifungua na kulieleza kwa lugha ambayo binti huyo anaitumia kupatana, haiwezi kufanywa na forodha wala maabara peke yake. Ni kazi ya taaluma yetu, na bado hatujaianza kwa dhati.